Subaru ya turbo imenoki: ovahoo ya 2.0, stroka ya 2.1 au bloku ya 2.5?

Injini ya EJ20, ile ya Subaru ya lita 2.0, ikianza ule mlio mkavu wa tok-tok-tok unaofuata mguu kwenye mafuta, mwenye gari huulizwa mambo mawili siku hiyo hiyo. Fundi atauliza: turudishe ilivyokuwa? Marafiki watauliza: si uweke 2.5 tu, umalize?

Maswali yote mawili ni halali. Kwa Impreza WRX, STI na Forester za turbo zilizojaa Nairobi, Mombasa, Arusha na Dar es Salaam, njia zinazostahili kupimwa ni tatu: kufanya ovahoo ya 2.0 kwa vipimo vyake, kuingiza kranki ya mwendo mrefu zaidi kwenye bloku hiyo hiyo ili ifike lita 2.1 (hii ndiyo stroka), au kubadilisha sehemu ya chini yote na kuweka ya lita 2.5. Njia ya nne ni injini ya mtumba kutoka Japani au Sharjah. Hiyo ni bahati nasibu, kwa hiyo hatuigusi hapa. Ukiichagua, angalau fungua karteri uangalie ndani kabla ya kuifunga kwenye gari.

Kwanza, iliyokufa iliuawa na nini?

Hakuna njia kati ya hizi tatu inayotibu kilichoiua injini ya kwanza. Beringi ya konrodi ikizunguka, sababu kwa kawaida ni oili: ilipungua bila mtu kupima, bomba la kunyonyea ndani ya karteri limepasuka kwenye kiungo chake, au skurubu za bamba la nyuma la pampu zimelegea na presha ikashuka. Pistoni ikivunjika kwenye kingo za ringi, tafuta tatizo kwenye mafuta na tuni: mchanganyiko mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo), petroli dhaifu, busti (presha ya turbo) iliyopandishwa bila mapu yake, yaani majedwali ya kompyuta ya injini.

Kata filta ya oili, ukunjue karatasi yake juani. Vipande vinavyometa bila kushikwa na sumaku ni vya beringi, au vya aluminiamu ya pistoni. Ukiviona, hesabu kwenye bajeti vitu ambavyo watu huvisahau: kipoza oili kipya (cha zamani hakisafishiki, vyuma hujificha ndani yake), bomba la kunyonyea jipya, pampu mpya, na kuondoa vile vichujio vidogo vilivyo kwenye bolti za njia ya oili ya turbo na ya kemu. Kuna injini mpya kabisa zilizonoki ndani ya wiki kwa uchafu uliobaki kwenye kipoza oili cha injini iliyotangulia.

Tutapimia nini

Vigezo ni hivi: bloku yako iko katika hali gani, nguvu unaitaka kwenye mzunguko upi, kazi ya mashine inayohitajika, vitu nje ya injini vitakavyodai fedha, petroli na tuni, na mwisho karatasi za gari na mashindano. Bei hazimo kwa sababu hubadilika kila meli inapotia nanga. Orodha ya vitu haibadiliki, na ukiwa nayo utaomba bei mwenyewe.

| | Ovahoo 2.0 | Stroka 2.1 | Bloku ya 2.5 |
|---|---|---|---|
| Kipenyo cha silinda | 92 mm | 92 mm | 99.5 mm |
| Mwendo wa pistoni | 75 mm | 79 mm | 79 mm |
| Ujazo | 1994 cc | takribani 2100 cc | 2457 cc |
| Ongezeko | – | 5% | 23% |
| Urefu wa konrodi kwa mwendo | 1.74 | 1.65 | 1.65 |
| Mizunguko kwa dakika ambapo pistoni hufika wastani wa 20 m/s | 8000 | 7600 | 7600 |

Tazama safu ya katikati. Asilimia 5. Wengi wanaosema "stroka" wanawaza mnyama, kumbe ongezeko lenyewe ni la cc mia moja hivi. Haimaanishi haina maana, ila ijulikane mapema.

Hali ya bloku

*Ovahoo.* Bloku ikiwa nzima, hii ndiyo njia inayoitumia vizuri zaidi. Pima kila silinda kwa geji ya ndani, sehemu tatu kwenda chini na pande mbili kila sehemu. Tofauti ikizidi 0.05 mm, silinda imekwisha umbo na inachongwa kwenda ovasaizi. Subaru ilitoa pistoni za 0.25 na 0.50, yaani 92.25 na 92.50. Zote nne zichongwe sawa. Kuchonga moja tu iliyokwaruzwa ni kujipunja.

*Stroka.* Vipimo ni vile vile vya silinda, pamoja na swali moja linalowaangusha wengi: beringi ya kuzuia kranki isisogee mbele na nyuma iko wapi? Kwenye bloku za zamani za miaka ya 1990 iko nafasi ya tatu, na kwenye za baadaye iko nafasi ya tano. Kranki ya 79 mm ya EJ257, yaani injini ya 2.5 ya turbo, ni ya nafasi ya tano. Usinunue kranki kabla ya kulijua hili. Ipo mitaani, imefungwa vizuri kwenye karatasi ya mafuta, inamsubiri mwenye bloku isiyoikubali.

*2.5.* Bloku yako haihusiki tena, na ndiyo maana watu ambao konrodi imetoboa ukuta huishia hapa. Lakini usidhani bloku kubwa ni bloku imara zaidi. Nafasi kati ya katikati ya silinda moja na nyingine ni ile ile kwenye 2.0 na 2.5, hivyo milimita 7.5 za ziada za kipenyo zimetolewa kwenye ukuta na kwenye eneo ambalo gasketi ya hedi inakaa. 2.0 ina nyama zaidi kati ya silinda. Ukitaka busti kubwa sana, hilo lina uzito.

Nguvu inakuja wapi

Hapa ndipo mahali mtu anapoishi huingia kwenye hesabu.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Presha ya hewa huko ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Kabla turbo haijaamka, injini ya cc 1994 pale Nairobi inavuta hewa ambayo injini ya takribani cc 1635 ingevuta Mombasa. Ndiyo maana WRX ya 2.0 yenye turbo kubwa huonekana imelala kwenye roundabout, kisha ghafla inaruka. Chukua sasa 2.5: cc 2457 kwa asilimia 82 ni karibu 2015. Kwa maneno mengine, 2.5 ya Nairobi, kabla ya busti, inapumua kama 2.0 ya Mombasa. Anayepanda Limuru kila jioni atauhisi ujazo huo kwenye kila kona. Wa Kigamboni au Nyali atauhisi pia, ila yeye hakuwa ameibiwa hewa tangu mwanzo.

*Ovahoo* inabaki na tabia yake: inapenda kuzunguka, na nguvu yake iko juu. EJ207 ya Japani, yaani 2.0 ya STI, hutoa farasi 280 kwenye mizunguko 6400 na huendelea kuelekea 8000 bila kulalamika. Kwa mtu wa mashindano ya muda mfupi anayeishika gia hadi mwisho, hii ni tabia nzuri, si kasoro.

*Stroka* inaongeza mvuto kidogo kwenye mizunguko ya chini, turbo inaamka mapema kidogo, na bado inazunguka vizuri. Tofauti utaisikia kati ya mizunguko 2500 na 3500, zaidi ya hapo si rahisi kuitambua.

*2.5* hubadilisha gari. Mvuto unakuja mapema na unashika, hata kwa busti ya kiasi. Inachoka mapema vilevile: STI ya Marekani yenye EJ257 inatoa nguvu yake ya juu kwenye 6000, na kuisukuma hadi 8000 kwa pistoni za kiwandani ni kuomba msiba. Na ukiiachia turbo ndogo ya TD04, itaamka haraka ajabu kisha baada ya 5000 injini itajihisi imezibwa pua, kwa sababu turbine haiwezi kupitisha moshi wote ule.

Kazi ya mashine na ufungaji

Kwa njia zote tatu, usikubali silinda ichongwe bila sahani za kukazia. Hizi ni vipande vinene vya chuma vinavyofungwa kwa bolti za hedi, kwa nguvu ile ile ya spana ya toki, wakati wa kusugua silinda kwa mawe. Bloku ya EJ ni aluminiamu na hujikunja hedi ikikazwa. Silinda iliyosuguliwa bila sahani itapimika duara mezani na kuwa yai ndani ya gari. Matokeo yake ni kula oili tangu siku ya kwanza, na kila mtu atalaumu ringi. Karakana isiyo na sahani za Subaru ikiwa ndiyo pekee iliyo karibu, bora upeleke bloku kwa basi mji mwingine.

Pistoni za kumimina za kiwandani hukaa karibu na ukuta, takribani 0.01 hadi 0.03 mm. Za fojidi (zilizofuliwa badala ya kumiminwa) za aloi ya 2618 hutanuka zaidi zikipata moto, hivyo huhitaji kama 0.07 hadi 0.10 kulingana na karatasi ya mtengenezaji. Ndiyo maana zinalia asubuhi injini ikiwa baridi. Mlio huo ukiisha injini ikipata joto, hakuna neno.

Pengo la ringi ya juu kwa injini ya busti: zidisha kipenyo kwa 0.0045 hadi 0.005. Silinda ya 92 inapata takribani 0.41 hadi 0.46 mm, ya 99.5 inapata 0.45 hadi 0.50. Ringi itumbukizwe ndani ya silinda yake, isawazishwe kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, kisha ipimwe kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia pengo. Pengo dogo mno ndilo hatari: ncha hukutana kwa joto, ringi hukosa pa kwenda, na kingo ya pistoni hupasuka. Pengo kubwa kidogo linakula tone la oili tu.

Beringi: kwa injini itakayofanyishwa kazi, wengi hulenga 0.03 hadi 0.045 mm kwenye kranki na 0.04 hadi 0.055 kwenye konrodi. Beringi za ndersaizi (za kranki iliyosagwa) za 0.03, 0.05 na 0.25 zipo. Hata hivyo, kranki ambayo mkwaruzo wake unanasa ukucha ni heri ibadilishwe kuliko kusagwa, labda kama karakana inaweza kuufanya uso wake mgumu tena.

Kisha kuna ile hatua ambayo fundi aliyezoea Toyota huijutia. Kwenye EJ, konrodi hufungwa kwenye kranki kwanza, nusu mbili za bloku huunganishwa, na pistoni huingizwa mwisho. Pini ya pistoni hupitishwa kwenye vitundu vya mbele na nyuma ya bloku, kisha klipu ya duara husukumwa kwa ncha ya bisibisi kupitia kitundu hicho hicho. Klipu ikiruka na kudondoka ndani, bloku inafunguliwa upya. Ziba njia ya kuelekea kwenye kranki kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi kabla ya kugusa klipu. Na silikoni ya kuunganishia nusu hizo iwe uzi mwembamba: ile inayotoka kwa ndani hukatika, huelea kwenye oili, na huishia kwenye wavu wa bomba la kunyonyea.

Ya ziada kwa *stroka*: pistoni lazima ziwe maalumu. Konrodi ni ya 130.5 mm ile ile, lakini kranki inapandisha pistoni milimita 2 zaidi, hivyo pini ya pistoni inapaswa kuwa milimita 2 juu zaidi. Ukitumia pistoni za 2.0 za kawaida zitagonga hedi. Zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, ukiangalia nafasi kati ya bolti za konrodi na bloku.

Ya ziada kwa *2.5* ni hedi. Wengi huhamisha hedi zao za 2.0. Inawezekana, lakini chumba cha mwako cha hedi hizo ni chembamba kuliko silinda ya 99.5, hivyo ukingo wa hedi hubaki umening'inia juu ya pistoni. Tumia gasketi ya kipenyo cha 2.5, kamwe usitumie ya 2.0. Pima ujazo wa chumba kwa bureti na mafuta ya taa ili ujue mgandamizo halisi, kisha bandika udongo laini wa watoto juu ya pistoni, funga kila kitu, zungusha, fungua, ukate na upime: valvu ya kuingiza hewa ibakiwe na angalau 2 mm, ya moshi 2.5.

Nje ya injini

Ovahoo haiombi kitu kingine. Klachi ikiwa nzima, giaboksi ikiwa nzima, umemaliza. Badilisha mkanda wa kemu na magurudumu yake wakati uko ndani, kwani ukikatika kwenye injini ya kemu nne, valvu na pistoni hukutana.

Stroka inaomba klachi nzuri zaidi kidogo. Basi.

2.5 ndiyo yenye familia kubwa. Giaboksi ya gia tano ya WRX ilijengwa kwa mvuto wa 2.0. Mpe mvuto wa 2.5 ukiwa gia ya tatu, mguu chini, tairi zimeshika lami, na meno ya gia hiyo ndiyo hulia kwanza. Jibu la kudumu ni giaboksi ya gia sita ya STI, pamoja na difu ya nyuma yenye uwiano unaolingana nayo, shafti na habu. Ongeza injekta, pampu ya petroli, turbo inayofaa, na intakula. Ukikaa na kuandika orodha yote, injini yenyewe huweza kuwa nusu tu ya hesabu. Anayekuambia "bloku tu halafu unaendesha" hajawahi kulipa bili yote.

Petroli na tuni

Kompyuta za magari ya Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani karibu 100. Ya vituo vyetu haifiki hapo, na ubora hubadilika kati ya kituo na kituo. Kwa hiyo hata ovahoo safi ya 2.0 inafaidika na tuni ya petroli unayoipata kila siku, wala si ile uliyoibeba kwenye jerikeni siku ya kutuni.

Kwa 2.5 tuni si hiari. Kwenye gari lenye kipima hewa, injini itawaka na kutulia hata kwa mapu ya zamani, na hapo ndipo watu hudanganyika. Ukibonyeza, mzigo huruka hadi mwisho wa jedwali ambako muda wa cheche haukuandikwa kwa injini hii. Pistoni za kumimina za EJ257 hazisamehe hilo: kingo ya ringi hupasuka, mara nyingi silinda ya nne, na dalili ya kwanza ni moshi wa buluu na oili inayotapika kwenye bomba la pumzi. Ukinunua bloku ya 2.5 ya mtumba, fikiria kuifungua na kuweka fojidi kabla haijawashwa.

Kuwasha mara ya kwanza ni sawa kwa zote: toa plagi, zuia petroli, zungusha kwa stata hadi geji ya oili ipande, ndipo uwashe. Kiwango cha kiwanda, oili ikiwa na joto la 80°C, ni takribani 98 kPa injini ikiwa imetulia na 294 kPa kwenye mizunguko 5000. Chini ya hapo, zima. Mwaga oili baada ya kilomita 50, tena 500, tena 1500, na kila mara kata filta.

Karatasi

Namba ya injini iko kwenye bloku. Ovahoo na stroka zinaiacha ilivyo, 2.5 inaleta nyingine, na NTSA kwa Kenya au TRA kwa Tanzania wanapaswa kujulishwa. Ukiliacha hilo, siku ya kuuza gari au kudai bima ndiyo siku utakayokumbushwa.

Kwenye mashindano, ujazo wa injini ya petroli yenye turbo huzidishwa kwa 1.7 chini ya kanuni za FIA: 1994 inakuwa 3390, 2457 inakuwa 4177. Soma kanuni za klabu yako kabla ya kununua kranki, kwani stroka ya cc 2100 inaweza kukutoa kwenye daraja lako kwa faida ya asilimia 5.

Nani achukue ipi

Gari la kila siku, bloku nzima, giaboksi ya gia tano, na lengo ni farasi zisizozidi 300: ovahoo, pistoni za kiwandani au fojidi kwa amani ya moyo, na fedha iliyobaki iende kwenye kipoza oili na tuni.

Unashiriki rali au mbio za muda kwa daraja la 2.0: ovahoo tena, na fojidi bila mjadala.

Tayari unanunua pistoni na konrodi mpya, bloku yako ni ya beringi ya nafasi ya tano, kranki yako imekwaruzwa na ya 79 imepatikana kwa bei karibu na ya 75: hapo stroka inaeleweka. Kuitafuta kwa ajili ya nguvu pekee, bila kranki kuwa imeharibika, ni vigumu kuitetea.

Bloku imetobolewa, unaishi juu Nairobi au Nakuru, unaendesha mjini na barabara kuu badala ya uwanja, na una gia sita au uko tayari kuinunua: 2.5, kwa busti ya kiasi, turbo ya wastani, na kikomo cha mizunguko kisichozidi 7000.

Bloku imetobolewa lakini fedha inatosha injini peke yake: tafuta bloku nyingine ya 2.0 iliyo nzima, hata kama ni tupu, uipeleke kwenye sahani za kukazia.